Vibano Kumi na Kimoja

Mzee Kibwana alihesabu mara ya tatu, na mara ya tatu hesabu ikamgomea.

"Hamsini na vitatu," alisema. "Hebu soma tena hapo kwenye daftari."

Faudhia alisoma, ingawa hakuhitaji kuangalia. "Sitini na vinne, baba."

"Kwa hiyo kumi na kimoja vimeota miguu."

Vibano vyenyewe vilikuwa vimetandazwa kwenye sinia, chini ya banda la mabati uani kwao Chanika, mjini Handeni. Vilikuwa vipande vya chuma vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vimekunjwa katikati, kila kimoja na meno mawili. Kazi yake ni kung'ata ukingo wa kitambaa cha kiti na kuushikilia kwenye fremu, kitambaa kikae kimevutika kama ngozi ya ngoma. Asiyejua angevifagia pamoja na takataka. Lakini viti vya Pijo 404 havikai bila vibano hivyo, na Pijo ya Mzee Kibwana iliundwa kabla mama yake Faudhia hajajua kutembea. Handeni hawakuvijua kabisa. Tanga waliviangalia wakacheka. Dar es Salaam mtu mmoja alimjibu mzee kwenye simu kwamba viti vya siku hizi hufungwa kwa plastiki, na kwamba dawa ya gari la namna hiyo ni kununua jingine.

Mzee hakuwa na nia ya kununua jingine. Alikuwa dereva wa shamba la mkonge kule Korogwe kwa miaka ishirini na sita, na siku shamba lilipofungwa alirudi nyumbani Handeni akiendesha hilohilo. Tangu hapo hakuwahi kulipeleka gereji. "Gari likiingia gereji linatoka mifupa," ndivyo alivyosema siku zote. Ndiyo maana alimwita fundi aje nyumbani, na ndiyo maana akamkalisha binti yake kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwa fundi.

"Umesomea mambo ya stoo chuoni miaka mitatu," alimwambia. "Hii ndiyo stoo yako mpaka kazi ipatikane. Fundi akitoa kitu, andika. Akirudisha kitu, andika."

Kumkalia fundi si jambo geni. Watu huwakalia mafundi saa, mafundi redio, mafundi pikipiki, na fundi mwenyewe hakasiriki. Hukuomba tu usogee kidogo usimzibie mwanga. Hiza, fundi wa Pijo hiyo, naye hakukasirika. Siku ya kwanza alikipangusa kile kigoda kwa kitambaa kabla Faudhia hajakaa, akasema, "Karibu, dada. Ukiona naiba, kohoa."

Faudhia hakucheka. Aliinamia daftari, akaandika tarehe mara mbili.

Sasa ilikuwa Alhamisi, wiki ya tatu, baada ya alasiri. Hiza alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kwao Korogwe. Alisema anafuata sponji, atarudi kesho baada ya swala ya Ijumaa.

"Nilisema mimi," alisema shangazi Mwanaidi. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha. Alikuja kukaa nao kwa sababu mama yake Faudhia alikuwa Kwaluguru kwenye mavuno ya mahindi, na tangu afike hakuna jambo lililopita uani bila yeye kulitia chumvi. "Mwanamume anayeomba maji ya kunywa mara sita kwa siku ana lake jambo. Kiu gani hiyo? Kwani anakula dagaa wakavu?"

"Sponji," alisema Mzee Kibwana polepole. "Sponji zipo hapahapa sokoni. Za kufuata Korogwe ni zipi?"

"Ameshaviuza, kaka. Huko kwao watu wanayo magari ya zamani. Vibano vyako viko kwenye makalio ya mtu mwingine saa hizi."

"Labda vimeanguka tu," alisema Faudhia.

Wote wawili walimgeukia. Haikuwa kawaida yake kusema bila kuulizwa.

"Vikianguka vinalala chini," baba yake alisema. "Na chini tumepekua. Sasa sikilizeni. Kesho akirudi, mtu asimwambie neno. Aingie, aweke mkoba, nami nitamsachi mbele ya majirani. Nikivikuta, hakuna mtu wa Handeni wala Korogwe atakayempa tena hata stuli aishone." Alikwangua kutu ya kibano kimoja kwa ukucha. "Na kujipendekeza kwake kote. Jumatatu aliniuliza kama wazee wake wanaweza kuja kunisalimia."

"Wakusalimie wewe, kwani wanakufahamu?"

"Usijifanye mtoto, Mwanaidi. Unajua wazee wakija kusalimia nyumba yenye binti wanakuja kusalimia nini."

Shangazi aliacha mchicha. "Fundi viti? Hana hata banda lake, anatembea na mkasi mkobani kama ngariba. Ukamjibuje?"

"Nilimwambia amalize viti kwanza. Kumbe alikuwa anapima mlango." Mzee alisimama na sinia lake. "Mwizi wa kweli haridhiki na cha uani. Anataka na cha ndani."

Faudhia aliomba ruhusa akaingia chumbani. Alifunga mlango, akakaa kitandani. Hiza alikuwa ameuliza. Jumatatu, yeye akiwa jikoni akipepeta mchele, Hiza alikuwa ameuliza, na yeye hakujua.

Alivuta begi lake la chuoni lililokuwa chini ya kitanda, akatoa soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vibano sita.

Cha kwanza alikichukua wiki iliyotangulia, siku Hiza aliposema, kwa furaha ya mtu anayeiona kazi inaelekea mwisho, "Dada Faudhia, Jumatano ninamaliza, nawaachieni uwanja wenu." Kibano kilikuwa kimeruka kutoka kwenye koleo kikatua karibu na mguu wake. Alikikanyaga. Hakuwa amepanga. Mguu ulikwenda wenyewe, na ulipokwisha kwenda hakuweza kuurudisha. Hiza alipiga magoti akakitafuta mpaka adhana ya magharibi, na kwa sababu ukingo wa kiti hauwezi kuachwa na pengo, kazi ikasogea siku moja. Siku hiyo moja ilikuwa tamu. Hiza alimweleza jinsi alivyojifunza kushona kwa kufumua makochi ya bibi yake na kupigwa kila alipofumua. Alimwomba amsomee orodha ya vifaa tangu mwanzo, na Faudhia alipomaliza akamwomba aisome tena, na hakuna fundi anayehitaji kusomewa orodha mara mbili. Basi akachukua cha pili. Halafu cha tatu.

Lakini sita si kumi na kimoja.

Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Vilibaki vitano. Vitano hakuvichukua yeye, na baba yake asingeweza kujiibia. Na Jumatano mchana, wakati anapita na ndoo, alikuwa amemsikia Hiza nyuma ya tangi la maji akiongea na simu kwa Kishambaa. Faudhia alikuwa Mzigua, na Mzigua hahitaji mkalimani wa Kishambaa. "Vitano vinatosha," Hiza alikuwa amesema. "Usimwonyeshe mtu." Upande wa pili alicheka mtu, na kicheko kilikuwa cha mwanamke.

Tena kulikuwa na hili la Jumanne. Tangu Jumanne Hiza alikuwa amebadilika. Hakuomba maji. Hakuomba kusomewa. Alijibu "ndiyo" na "hapana", na alipohitaji mkasi alinyanyuka kuufuata mwenyewe.

Kwa hiyo alikuwa mwizi kweli? Jumatatu anaulizia binti wa mtu, Jumanne anapoa, Jumatano anampigia mwanamke, Alhamisi anaondoka na vibano vitano. Faudhia alijaribu kulipanga jambo hilo kwa namna nyingine, likajipanga vilevile. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hata akiungama vyake sita, vile vitano vingebaki juu ya kichwa cha Hiza, na pengine palikuwa ndipo mahali pake.

Ijumaa asubuhi alimwambia shangazi kwamba anapeleka barua ya kuomba kazi Korogwe.

"Ijumaa?" shangazi aliuliza. "Na hayo mafuta mazuri uliyojipaka, ni ya hiyo barua?"

"Nitawahi kurudi, shangazi."

"Wahi. Leo hapa kuna sinema."

Saa tatu alikuwa Manundu, Korogwe, akiuliza kwa aibu kwa Hiza fundi viti. Muuza mihogo alimwelekeza nyuma ya duka la mabati, kwenye karakana ndogo yenye mlango wa gunia. Mwanamke wa makamo, aliyevaa ovaroli na miwani ya kuchomelea juu ya kilemba, alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Shikamoo," alisema Faudhia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa daftari?"

Faudhia aliitikia kwa kichwa. Kicheko alikuwa amekitambua kabla hata hakijatoka.

"Mimi Yuditha. Hii karakana ni ya marehemu baba yangu. Hiza yuko ndani, na leo usitegemee maneno matamu, tangu jana ananuna kama mama mkwe." Alichukua pochi yake juu ya ngazi. "Naenda kutafuta maandazi. Vitu vyangu msivivunje."

Hiza alikuwa ameinama mbele ya jiriwa, akipiga tupa kipande cha chuma kilichobanwa humo. Hakuinua kichwa.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mzee hajakutuma?"

"Hajui kama niko huku."

"Na ulipokuwa unavificha vibano, alijua?"

Tupa iliendelea kukwaruza. Faudhia alihisi damu yote ikimpanda masikioni.

"Nilikuona Jumanne," alisema Hiza. "Ulikikanyaga, halafu ukainama ukajifanya unafunga viatu. Kandambili hazina kamba, Faudhia."

Hakusema dada. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake hivyo, likiwa tupu, na Faudhia alikuwa amelisubiri siku nyingi, lakini si kwa sauti ile.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Jumatatu nimemwuliza baba yako neno zito. Jumanne binti yake ninamkuta anaficha vibano. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?" Aliweka tupa mezani. "Nikajua ndilo jibu langu. Mzee ni mstaarabu, hawezi kunikatalia usoni. Atanifanya mwizi, niondoke mwenyewe, na wazee wangu wasithubutu kukanyaga Handeni. Nimeshafanyiwa hivyo na mteja mmoja, sitaki kumtaja. Niliondoka kwake na jina bovu na mkasi wangu."

"Baba hajui lolote."

"Basi ulivichukua vya nini? Haviuziki. Havivaliki. Hata ng'ombe hawezi kuvilamba. Nieleze."

Faudhia aligeukia gunia la mlangoni, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka.

"Unaona. Asiye na hila hakosi jibu."

Angeweza kulia, lakini hasira ilimsaidia. "Na wewe je? Vitano hukuchukua? Nilikusikia ukisema usimwonyeshe mtu. Mtu huyo ni baba yangu, na mali ni yake."

Hiza alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akasogea pembeni, meza ikaonekana.

Juu ya gunia safi palikuwa na vibano vitano vya zamani, vimepangwa mstari. Chini yake mstari wa pili wa vibano vipya, vinang'aa rangi ya buluu ya chuma. Faudhia alivihesabu kwa macho. Vilikuwa sita.

"Hivyo vitano ni mfano wa kunakili," alisema Hiza. "Fundi akiazima kifaa cha mteja anaomba, najua. Ningeomba, mzee angevihesabu palepale, akaona vile vingine havipo. Kwanza nilijaribu waya wa kufungia nondo, ukafunguka kitambaa kilipovutika. Nikajaribu bati la dumu, likapinda. Yuditha ndiye aliyekumbuka mikanda ya chuma inayofungia marobota ya katani, baba yake alifanya kazi karakana ya shamba la mkonge. Chuma kile kina uhai, ukikikunja kinataka kurudi. Lakini ukikitia moto ili kikunjike kinakufa, kwa hiyo tumevikunja baridi, kimojakimoja. Nimevunja vingi." Alionyesha kidole chake gumba. Kilikuwa na mkato mbichi kutoka ukucha hadi kiungo. "Kitambaa cha kwenye kona kinahitaji meno makali. Kosa moja tu na utakwenda kushonwa wewe badala ya kiti."

"Sita," alisema Faudhia. "Ulijua ni sita."

"Mimi pia huhesabu."

"Kwa hiyo ungerudisha vyote sitini na vinne."

"Ningerudisha vyote, ningemaliza viti, ningeaga."

"Ungeniacha hivihivi?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Lilisimama katikati ya karakana kama mgeni aliyekosea nyumba. Faudhia alitaka kuufuata mlango, lakini miguu ileile iliyojua kukanyaga vibano ilikataa kwenda.

Hiza alipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Sema tena."

"Siwezi."

"Basi sema kingine."

Aliyakaza macho kwenye jiriwa, kwa sababu hakuthubutu kumtazama. "Ulisema Jumatano unamaliza. Nikaona kikipungua kimoja utakaa siku moja zaidi. Ukakaa. Basi nikachukua kingine."

Nje mtu alikuwa akipatana bei ya bati.

"Siku ile nilipiga magoti kwenye vumbi mpaka magharibi," alisema Hiza.

"Ndiyo."

"Nikachana hata suruali. Wewe umekaa unaniangalia."

"Ndiyo."

"Na daftari mkononi."

"Ndiyo."

Kitu kilipita usoni kwa Hiza, kikakaribia kuwa tabasamu, kikarudi kilikotoka. "Ni maneno ninayoyataka sana, Faudhia. Ndiyo maana nayaogopa. Nikikuamini leo, kesho nikakuta yalikuwa ya mzee, uso wangu nitauweka wapi?"

"Leo baba atakusachi," alisema haraka. "Mbele ya majirani. Vitano akivikuta mkobani hatasikiliza kitu. Usirudi. Vilete hapa nivipeleke mimi."

"Nisiporudi ndipo nitakuwa mwizi."

"Basi nifanyeje?"

"Tangulia. Nyumbani kwenu uyaseme haya uliyoniambia. Mimi nitaswali hapa, kisha nitakuja. Nikikuta umesema, nitajua. Nikikuta hujasema, nako nitajua." Aligeuka akaishika tupa. "Sitakusaidia hilo. Nisamehe."

Yuditha alirudi na maandazi, akamkuta Faudhia mlangoni. Alimwangalia, akamfungia mawili kwenye gazeti bila kuuliza. "Kula njiani," alisema. "Maneno magumu hayapiti kwenye tumbo tupu."

Alifika Chanika baba yake akiwa msikitini. Alipika ili mikono iwe na kazi. Mzee aliporudi alikaa mkekani, akanawa, akaanza kula.

"Baba," alisema Faudhia.

"Naam."

"Nikuongezee mchuzi?"

"Upo."

Alikunja mkeka wa pembeni, akaukunjua. "Baba."

"Naam, mwanangu."

"Jua limekuwa kali leo."

Shangazi alimtazama kwa jicho moja. Saa zilikwenda. Alikwenda kwenye ndoo akanawa uso, akajifunza sentensi yote mpaka mwisho, akarudi nayo mdomoni kama mtu aliyebeba maji viganjani. Alipomkuta baba yake amesimama getini ilikuwa imekwisha kumwagika, kwa sababu Hiza alikuwa ameshaingia.

Majirani wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Shangazi alikuwa amewaambia.

"Fundi," alisema Mzee Kibwana. "Uliyoyafuata umeyapata?"

"Nimepata, mzee. Shikamoo."

Mzee hakuitikia. "Weka mkoba chini."

Hiza hakumtazama mzee. Alimtazama Faudhia, mara moja tu, na alichokitafuta hakukikuta. Uso wake ukafungwa. Aliuweka mkoba chini, akarudi hatua moja nyuma. "Sachi tu, mzee," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee aliinama. Mkono ulishika zipu.

"Sita nilichukua mimi."

Faudhia hakuitambua sauti yake mwenyewe. Ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Alitoa soksi mfukoni, akaifungua fundo, akaimwaga kwenye sinia, na vibano vikalia juu ya bati kimojakimoja.

Baba yake alinyanyuka polepole. Alimtazama binti, akamtazama fundi, na Faudhia aliona shaka ikihama machoni mwake kutoka hapa kwenda pale.

"Huyu kakutuma," alisema.

"Hapana, baba."

"Alikwambia umfichie, mje mgawane."

"Yeye alidhani ni wewe umenituma." Sasa machozi yalikuwa yanakuja, lakini maneno yalikuwa mbele yake. "Hakuna aliyenituma. Vitano anavyo yeye, alivichukua viwe mfano, na sita amevitengeneza upya kufidia nilivyoficha mimi. Vimo humo. Vihesabu. Alijua ni mimi tangu Jumanne, hakunitaja kwako."

"Na wewe ulivificha vya nini, Faudhia?"

Majirani walikuwa wamesimama kabisa. Shangazi alikuwa ameshika mwiko hewani.

"Ili asiondoke," alisema.

Shangazi Mwanaidi aliuteremsha mwiko, akaupangusa kwa khanga ingawa ulikuwa mkavu.

Mzee Kibwana alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, mafuta ya taa, mizani, taarifa za mvua, na sasa alikuwa kama amewekewa mzigo usio na mahali pa kuushukia. Mwishowe aliuvuta mkoba, akafungua, akatoa kibano kipya. Alikibana kwa vidole viwili, akakiachia, kikarudi palepale. Akakibana tena.

"Mkanda wa marobota," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Hukukitia moto."

"Hapana, mzee."

"Kitashika muda gani?"

Hiza alifikiri. "Sijui. Sijawahi kutengeneza vya namna hii. Vinaweza kushika miaka ishirini, vinaweza kuachia mvua ya kwanza."

Mzee alikigeuza kibano kwenye mwanga. "Nina miaka sitini na tisa," alisema, "na wewe ndiye fundi wa kwanza kuniambia hajui." Alivirudisha vyote kwenye sinia, vya zamani na vipya. Kisha akawageukia waliosimama njiani. "Nyie hamna kwenu?"

Majirani wakaondoka. Mzee alivuta pumzi.

"Kuficha mali ya mtu, Faudhia, na kuchukua mali ya mtu bila kuomba, fundi, yote mawili ni mabaya, na yote mawili tutayazungumza. Leo nimechoka. Wazee wako waje. Sijasema nimekubali. Nimesema waje."

Faudhia alidhani Hiza atashukuru. Hakushukuru. Alisimama akilifinya lile jeraha la kidole, na ubaridi wa Jumanne ulikuwa bado haujamtoka wote usoni.

"Mzee, naomba unisamehe jambo moja tena," alisema. "Jumatatu nilikosea. Nilikuuliza wewe, yeye sikumwuliza. Ndipo mengine yote yalipoanzia."

Akageuka. Alimkabili Faudhia mbele ya baba yake, mbele ya shangazi na mwiko wake.

"Faudhia," alisema. "Waje?"

Siku nyingine angetikisa kichwa. Siku nyingine angekimbilia ndani, wakamfasiria ukimya wake watakavyo. Alimwona Hiza akimsubiri, hajaamini bado, macho yake yakitafuta usoni kwake mahali pa kushika.

"Waje," alisema, na alisema kwa sauti ambayo hata majirani, kule walikofika, waliisikia.